Nyumba ya Kanombe: Picha, Mabaki ya Ndege na Swali la Sababu

Katika Kinyarwanda, ingoro ni makao ya mfalme. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia leo kwa makumbusho. Makumbusho ya Huye ni ingoro, ya Nyanza ni ingoro, hata nyumba ya Mjerumani Richard Kandt hapa Kigali, ambayo hakuna mfalme aliyewahi kulala ndani yake, nayo ni ingoro. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kulitafsiri neno hili hana budi kuchagua. Akisema kasri, msikilizaji ataona kuta nene, nguzo na roshani, kama Beit al-Ajaib ya Zanzibar. Akisema ikulu, ataona lango lenye walinzi. Akisema makumbusho, ataona makabati ya vioo na karatasi za maelezo. Insha hii inahusu nyumba moja iliyowahi kuitwa kwa maneno yote matatu: Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda, yaliyopo Kanombe, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali, katika nyumba aliyoishi Rais Juvénal Habyarimana hadi tarehe 6 Aprili 1994.

Hoja yangu ni kwamba kuleta picha na sanamu katika nyumba hii mwaka 2018 kulikuwa uamuzi wa kihistoria kabla ya kuwa wa kisanaa, na kwamba ni uamuzi mzuri ambao bado haujakamilika. Nyumba hii ikiachwa peke yake hupotosha. Haisemi uongo wowote, lakini humweka mgeni mahali ambapo historia yote ya nchi huonekana kama mambo yaliyompata mtu mmoja.

Nianze na nyumba yenyewe. Habyarimana alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya tarehe 5 Julai 1973, akimwondoa Grégoire Kayibanda, na makazi haya yalijengwa kwa ajili yake katika miaka ya utawala wake. Anayekwenda huko akitarajia kasri atashangaa. Kwa nje ni nyumba kubwa ya mtu mwenye uwezo, yenye ghorofa, bustani pana na bwawa la kuogelea, na hakuna kuba wala nguzo za kumtisha mgeni. Mambo yake yamo ndani. Ngazi za kupanda ghorofani ziliwekewa mitambo ya kuhisi nyayo za mtu, ili anayepanda usiku asifike juu bila kusikika. Kuna mlango uliofichwa. Juu kuna kanisa dogo la familia, na waongozaji husimulia kwamba Papa Yohane Paulo II alisali humo alipoitembelea Rwanda Septemba 1990, wiki chache tu kabla ya vita vya Oktoba mwaka huohuo kuanza. Bustanini kuna kidimbwi ambacho inasemekana alifugwa chatu. Baada ya 1994 Rais Pasteur Bizimungu aliishi katika nyumba hiyo hadi mwaka 2000. Baadaye ikafunguliwa kwa umma kama makumbusho ya makazi ya rais, na mwaka 2018 ikawa makumbusho ya sanaa.

Kati ya hayo yote, wenzangu wengi waliofika huko hukumbuka chatu. Mimi hukumbuka zaidi ngazi, na sababu yake iko mbali kidogo, Ulaya.

Katika somo la historia ya sanaa tulisoma juu ya mtindo wa baroko, ulioenea Ulaya katika karne ya 17 na ya 18. Kazi ya kasri la baroko ilikuwa kumfanya mgeni ajione mdogo. Dari zilichorwa mawingu na malaika, bustani zilinyooshwa kama mistari ya daftari, na ngazi zilijengwa pana kupita mahitaji ya miguu, kwa sababu hazikuwa za kupandia tu. Zilikuwa jukwaa. Mwenye nyumba alitaka kila mtu amwone akipanda na kushuka. Ngazi za Kanombe zilijengwa ili mwenye nyumba awasikie wengine wakipanda. Sidhani kuna ukurasa wa kitabu unaoeleza tofauti kati ya utawala unaojionyesha na utawala unaoogopa waziwazi kuliko ngazi hizi mbili zikiwekwa pamoja.

Makasri mengi ya Ulaya yamekuwa makumbusho ya sanaa, na si kwa bahati. Louvre ya Paris ilifunguliwa kwa umma kama makumbusho tarehe 10 Agosti 1793, mwaka mmoja kamili baada ya umati kuivamia ikulu ya Tuileries na ufalme kuanguka. Siku hiyo ilichaguliwa makusudi. Picha za mfalme ziliachwa ukutani, ila sasa aliyezitazama alikuwa raia. Hapa kwetu Afrika Mashariki makasri ya masultani wa Zanzibar yalifuata njia inayofanana na hiyo, ingawa yalijazwa zaidi historia kuliko sanaa. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni kabla ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Hilo linatukumbusha kwamba kurithi nyumba ya mtawala ni kurithi pia paa lake.

Lakini kasri linalonisaidia zaidi kuielewa Kanombe ni Belvedere la Vienna, Austria. Ni kasri la baroko hasa, lililochorwa na msanifu Johann Lukas von Hildebrandt kwa ajili ya Mwanamfalme Eugène wa Savoy, jemadari aliyepata umaarufu katika vita dhidi ya Waturuki. Sehemu yake ya juu ilikamilika mwaka 1723. Baadaye lilichukuliwa na ukoo wa kifalme wa Habsburg, na katika karne hiyohiyo ya 18 likaanza kuonyesha picha kwa umma. Leo watu husafiri kutoka kila pembe ya dunia kwenda kutazama humo mchoro wa Gustav Klimt uitwao Busu, ule wa mwanamume na mwanamke waliofunikwa vazi la dhahabu.

Wachache kati yao wanafahamu kwamba wakati Klimt akiuchora, mwaka 1907 na 1908, kasri hilo la juu lilikuwa makazi ya Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria. Huyu ndiye aliyeuawa kwa risasi pamoja na mkewe huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kuandika katika mtihani kwamba kifo hicho kilianzisha Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwalimu mzuri amewahi kuweka alama nyekundu pembeni: kilianzisha, au kilisababisha?

Belvedere, basi, lilikuwa nyumba ya mtu ambaye kifo chake kilifuatwa na maangamizi. Picha zimeifunika habari hiyo kabisa. Mgeni anaingia, anatazama dhahabu ya Klimt, anakunywa kahawa, anaondoka. Kwa Vienna pengine si tatizo kubwa. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na hakuna anayesema siku hizi kwamba askari waliokufa Verdun walikufa kwa sababu ya hasira ya watu waliompenda Franz Ferdinand.

Rwanda hali si hiyo.

Kabla ya kufika Kanombe, makumbusho ya sanaa ya taifa yalikuwa Nyanza, katika nyumba iliyo juu ya kilima cha Rwesero. Nyanza ndipo Mwami Yuhi V Musinga alipoweka makao ya kudumu karibu na mwisho wa karne ya 19, baada ya vizazi vingi ambavyo wafalme wa Rwanda walihamahama na makao yao. Nyumba ya Rwesero ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mwanawe, Mutara III Rudahigwa, aliyetawazwa mwaka 1931 baada ya Wabelgiji kumng'oa baba yake. Rudahigwa hakuwahi kuishi humo. Alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, mikononi mwa daktari, na tangu siku ile hadi leo wengi wameamini kwamba aliuawa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Watutsi walianza kuuawa na kuchomewa nyumba, na maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Tarehe 28 Januari 1961 ufalme ulitangazwa kufutwa. Nyumba ya Rwesero ilibaki ikitumiwa kwa shughuli nyingine mpaka ilipopokea michoro na sanamu katika miaka ya 2000.

Ukiyaweka mambo haya kwenye mstari mmoja utaona jambo ambalo sijaliona likisemwa darasani. Mkusanyo wa sanaa wa taifa letu umekaa katika nyumba mbili tu, na kila moja ilijengwa kwa ajili ya kiongozi aliyekufa ghafla, na kila kifo kinatajwa mwanzoni mwa sura ya damu: 1959 na 1994. Rwesero ilikuwa nyumba tupu, isiyo na kumbukumbu ya mtu kulala, kula wala kugombana ndani yake, kwa hiyo picha ziliishi humo kwa amani. Kanombe imejaa kumbukumbu. Picha hapo zinashindana na chumba zilimotundikwa.

Tulipokwenda huko na wanafunzi wenzangu, tulianza ndani na kumalizia bustanini, na huko ndiko ushindani huo ulipoonekana. Penye ukuta wa nyuma vipo vipande vya ndege aina ya Falcon 50 iliyokuwa ikimrudisha Habyarimana kutoka Dar es Salaam, ambako viongozi wa nchi za ukanda huu walikuwa wamekutana. Ilidunguliwa ikikaribia kutua. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa, akiwemo Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, na mabaki yakaangukia kwenye nyumba ya mwenyewe. Ni jambo ambalo mwandishi wa tamthilia akilitunga, ataambiwa amezidisha. Tulikuwa tumetumia muda mrefu tukiangalia picha, lakini pale ukutani hakuna aliyezitaja tena. Kisha mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini: kwa hiyo, ndege hii isingedunguliwa, bibi yangu angekuwa hai?

Sisi sote tuliokuwa pale tulizaliwa baada ya 1994. Hakuna aliyemjibu, na mwongozaji aliendelea na maelezo yake kuhusu injini. Naliandika jibu hapa kwa sababu swali lile lilistahili jibu la mwanahistoria, na kwa sababu bustani yenyewe, kwa namna ilivyopangwa, inajibu ndiyo.

Kinyarwanda hutofautisha impamvu na imbarutso. Impamvu ni sababu. Imbarutso ni kile kidude cha bunduki kinachovutwa na kidole. Kidude hicho hakiui mtu kama hakuna bunduki, kama haikutiwa risasi, na kama hakuna aliyeielekeza. Sasa, bunduki ilitiwa risasi lini? Mauaji ya Watutsi yalifanyika 1959, yakarudi Desemba 1963 katika eneo la Gikongoro. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu. Mapema mwaka 1991 Wabagogwe waliuawa kaskazini-magharibi. Machi 1992 ikawa zamu ya Bugesera. Mwaka 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza chuki. Tarehe 11 Januari 1994, karibu miezi mitatu kabla ya ndege kudunguliwa, Jenerali Roméo Dallaire wa kikosi cha Umoja wa Mataifa aliiandikia New York kuhusu silaha zilizofichwa na Watutsi waliokuwa wakiorodheshwa. Orodha ya majina haiandikwi kwa hasira ya msiba ambao bado haujatokea.

Kuhusu nani alirusha makombora, uchunguzi wa mahakama ya Ufaransa uliendelea kwa miaka mingi. Ripoti ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2012 ilielekeza kwenye eneo la kambi ya jeshi ya Kanombe, na mwaka 2018 majaji wa Paris walifunga kesi bila kumpeleka mtu yeyote mahakamani. Swali hilo ni halali, lakini si swali aliloliuliza mwenzetu. Wanaokana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hupenda kuyachanganya maswali haya mawili: wakipata wa kumlaumu kwa ndege, wanadhani wamepata wa kumlaumu kwa watu zaidi ya milioni moja. Kiswahili kina neno linalowafaa, nalo ni kisingizio. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilikwisha kuamua mwaka 2006 kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi.

Mtu anaweza kuniambia kwamba ninaibebesha bustani mzigo usio wake. Sivyo. Makumbusho hufundisha kwa mpangilio kabla ya kufundisha kwa maneno. Ukimpitisha mgeni kwenye chumba cha kulala cha rais, kanisa lake, mlango wake wa siri na kidimbwi cha chatu wake, halafu ukamfikisha kwenye ndege yake iliyovunjika, umemsimulia hadithi yenye shujaa au jambazi mmoja na mwisho mmoja. Majirani walioua majirani hawamo. Mabaraza ya mitaa hayamo, wala redio, wala vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu miaka ya 1930. Neno akazu, ambalo wanahistoria hulitumia kwa kundi la ndugu na washirika waliomzunguka rais na mkewe, lina maana ya nyumba ndogo; mgeni anaweza kuitembea nyumba hii kubwa yote asielewe nyumba ndogo ilifanyaje kazi.

Hapo ndipo ninapoona faida ya picha. Zinamwondoa mwenye nyumba katikati. Sebule ambayo zamani ilieleza tu alikaa wapi na alitazama nini, leo ina kazi za watu ambao wakati ule wasingepita lango. Walinzi wa Louvre mwaka 1793 wangelielewa jambo hili mara moja. Na sanaa ya Kigali ina cha kusema: tangu vituo kama Ivuka, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Inema, kilichofunguliwa mwaka 2012, wachoraji vijana wamekuwa wengi kuliko kuta za kuwatosha.

Hatari ipo upande wa pili pia, na Belvedere ndilo onyo. Picha nzuri inaweza kuwa pazia. Nimewahi kusikia mgeni akisema kwamba Kanombe ni mahali pazuri pa kupigia picha za harusi. Bustani ni nzuri kweli. Hata hivyo, makumbusho ambayo yangeamua kuuza uzuri tu, na kuficha vipande vya ndege nyuma ya maua, yangekuwa yamekosea kuliko yale yaliyomwacha chatu atawale masimulizi.

Ningependekeza mambo mawili, nayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuugeuza mzunguko: wageni waanze bustanini, kwenye mabaki, wapewe pale pale tarehe za 1959, 1963, 1990, 1992 na 1993 kwenye ubao mmoja mrefu, ndipo waingie ndani. Mtu akishasoma tarehe hizo, vipande vya ndege hurudi kwenye kimo chake. Vinakuwa kidude cha bunduki, si bunduki.

La pili linahusu imigongo. Wengi wetu tunaifahamu kama mbao za kuuziwa watalii, zenye mistari myeusi, myeupe na myekundu. Jina lenyewe halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili, kwani ni migongo, ile matuta inayofanywa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikaachwa ikauke na kisha kupakwa rangi. Masimulizi ya Gisaka, mashariki mwa nchi, humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeianzisha sanaa hii ili kupamba nyumba yake kwa ndani. Kwa maneno mengine, Rwanda ilikuwa na kasri lenye sanaa ukutani kabla ya mtu yeyote hapa kusikia habari za makumbusho, na sanaa ile haikutundikwa. Ilikuwa ukuta wenyewe. Baada ya 1994 sanaa hiyo ilikaribia kutoweka. Walioirudisha ni wanawake wa upande ule wa Kirehe na Nyarubuye, ambako Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani waliuawa.

Ubao wa imigongo ukitundikwa katika nyumba ya Kanombe bila maelezo hayo ni pambo. Ukiandikwa chini yake kwamba unatoka Nyarubuye, na kwamba kilichotokea Nyarubuye hakikufanywa na ndege bali na watu wenye majina, waliopangwa na kupewa amri, basi mwenzetu aliyeuliza swali bustanini angeanza kupata jibu lake akiwa bado sebuleni.